Taa Nyeupe ya Nzaluni

Mtu akivuta pumzi ambayo hakuna serikali iliyoigharimia, pumzi hiyo ni ya nani?

Swali hilo lilinijia nikiwa nimesimama mbele ya kitanda cha mama yangu mdogo. Sikujua hata ni mlango gani ningeubisha ili niulize.

Kila kitanda katika Kituo cha Pumzi cha Nzaluni kilikuwa na taa ndogo juu ya kichwa cha mgonjwa. Taa ikiwa ya buluu, hewa iliyosukumwa mapafuni mwa mgonjwa huyo iligharimiwa na Serikali Kuu. Ikiwa ya kijani, iligharimiwa na Kaunti. Mara nyingi rangi zote mbili zilikaa ndani ya kioo kimoja, moja ikipanda na nyingine ikishuka, kama chai na maziwa kabla ya kukorogwa. Kuzisoma taa hizo ndiyo kazi niliyoletewa. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Fedha za Umma, na chuo kilikuwa kimenituma Nzaluni kwa mafunzo ya nyanjani niwe Msomaji wa Raia, yaani yule mtu mmoja ambaye sheria ilitaka awepo, asiye wa Serikali Kuu wala wa Kaunti, atazame jinsi gharama zinavyogawanywa na kusema kama anakubali.

Taa ya mama mdogo ilikuwa nyeupe.

"Muthoka," nilimwita muuguzi wa zamu, "hii ni rangi gani?"

Alikuja akijipangusa mikono kwenye koti lake, akainua macho. "Nyeupe."

"Naiona. Maana yake nini?"

"Wewe ndiwe uliyesomea taa, dada. Mimi nimesomea mapafu."

Mama mdogo Syombua alicheka ndani ya barakoa yake, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapikia wapakiaji mchanga kule kwenye mashimo ya mto uliokauka, na vumbi lilikuwa limejenga ndani ya kifua chake. Wagonjwa wote wa chumba kile walikuwa wametoka kwenye mashimo hayo hayo.

"Labda nimeshakufa," alisema, "wamenipa taa ya malaika."

"Mama mdogo!"

"Basi niulizie mapema. Kama nimekufa, sina haja ya kumaliza huu uji wa Muthoka."

Kifua chake kilipanda na kushuka vizuri. Hewa ilikuwa ikifika. Nilifuata waya wa kitanda kwa macho, ukapita ukutani, ukatokea nje, kwenye kibanda cha mabati ambako wanawake wa mwethya walikuwa wakiendesha baiskeli zisizokwenda popote.

Mwethya wa Ngomano, kikundi chao cha kusaidiana kazi, ulikuwepo kabla ya kituo. Wanawake wale walilimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakachimba matuta na kujenga vibwawa vya mchanga vya kutunzia maji. Umeme wa Kaunti ulipoanza kupungua nguvu, na vitanda kuanza kupumua kwa kusitasita, hawakungoja kuambiwa. Fundi mmoja wa soko aliwaunganishia baiskeli kwenye betri za kituo, nao wakapanga zamu kama wanavyopanga zamu za mashamba. Kavutha, kiongozi wao, alikuwa na filimbi shingoni. Akiipuliza, wanawake hushuka, wengine hupanda, na wimbo hauvunjiki.

"Kanyaga, Ndunge!" alikuwa akifoka nilipotoka nje. "Unapapasa pedali kama unayemwogopa mume wa mtu!"

"Wangu ndiye ninayemwogopa. Akiniona na mapaja haya mapya atataka mtoto mwingine."

Wakaangua kicheko. Nilicheka nao, kisha nikaingia kwenye chumba cha msomaji na kufunga mlango.

*

Mizani, mashine iliyogawa gharama kati ya serikali hizo mbili, haikuwa na uso. Ilikuwa sauti tu ndani ya ukuta, yenye upole wa mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno.

"Habari za asubuhi, Msomaji."

"Njema. Kitanda cha mama yangu mdogo kina taa nyeupe. Nani anakigharimia?"

"Kitanda hicho hakina gharama."

"Kila pumzi ina gharama."

"Kila pumzi ina gharama pale serikali inapoitoa. Kitanda hicho kinapata umeme usiotoka Serikali Kuu wala Kaunti. Mgao wa Serikali Kuu umeondolewa, na mgao wa Kaunti umeondolewa. Uwezo wa mahali umeongezeka. Hongera kwa Nzaluni."

Lazima niseme kwamba nilikuwa nikiipenda Mizani. Nilizaliwa katika miaka ya mwisho ya magomvi. Serikali Kuu ilinunua mashine na kusema uendeshaji ni jukumu la Kaunti. Kaunti ikajibu kwamba fedha za uendeshaji hazijashushwa. Mashine zikabaki ndani ya makasha, na watu wakazikwa huku viongozi wa pande zote mbili wakinyoosheana vidole kwenye mazishi yale yale. Kisha Mizani ikaletwa. Ilipima mambo matatu tu, bila kuchoka na bila kupendelea. Kwanza, watu wanahitaji nini. Pili, mahali pao panaweza kujitimizia kiasi gani. Tatu, pengo lililobaki kati ya hayo mawili, ambalo Serikali Kuu hulijaza hapo hapo. Niliandika insha nzima chuoni kuisifu. Niliiita jirani mwaminifu.

"Pengo lipo," nilisema hatimaye. "Wanawake ndio wanaolijaza."

"Pengo lililojazwa si pengo."

"Lakini hawa si Kaunti! Kavutha si mwajiriwa wa mtu. Ana mbuzi nyumbani, ana mahindi yake shambani."

"Vipimo vyangu vina sehemu mbili za kutia kitu, Msomaji: kilichotolewa na Serikali Kuu, na kilichopatikana mahali. Kazi ya Kavutha imepatikana mahali."

Nilitafuta kosa katika sentensi hiyo. Niliigeuza huku na huku. Kila neno lilikuwa la kweli, na bado yote kwa pamoja yalikuwa kitu nisichoweza kukitazama bila kuona aibu.

"Ile buluu iliyoondoka kitandani ilikwenda wapi?"

"Kaunti ya Lokwamor. Kuna mgonjwa aliyekosa hewa, na hakuna mtu wa kuendesha baiskeli huko. Ungependa niirudishe?"

"Ukiirudisha, mgonjwa wa Lokwamor atafanywaje?"

"Atangoja."

Sikusema iirudishe. Sikusema iiache. Mizani ilinipa muda kidogo, kisha ikaendelea kama karani anayekumbusha miadi. Kesho saa sita mchana mwezi wa hesabu ungefungwa. Nikitamka neno "Nakubali", vitanda vingine vinne vingegeuka vyeupe, kwa kuwa baiskeli zilikuwa zimethibitisha kwamba vinaweza kujiendesha.

"Na wanawake wakichoka?"

"Uchovu haumo katika vipimo vyangu hadi umeme upungue."

"Ukipungua?"

"Nitaliona pengo, na likidumu usiku mzima litakuwa limethibitika. Kisha litajazwa."

Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja mle ndani ambaye angeuvuka usiku mzima bila hewa. Nilimwambia hivyo. Alijibu, au niseme ilijibu, kwamba utaratibu huo uliwekwa ili kaunti zisizime mitambo kwa makusudi na kudanganya.

"Na nisipokubali?"

"Huduma za kuokoa maisha zitabaki kama zilivyo leo. Huduma nyingine zote za Kaunti zitasimama: maji ya bomba, chakula cha shule, taa za barabarani. Zitasimama hadi Serikali Kuu na Kaunti ziketi pamoja zikusikilize. Hakuna msomaji aliyewahi kukataa."

"Kwa nini?"

"Sijaagizwa kulipima jambo hilo," ilisema Mizani.

*

Wanawake walikula chakula cha mchana kwa zamu, nusu wakikanyaga na nusu wakila isyo, mahindi na maharagwe, kutoka kwenye sufuria moja kubwa. Niliwaeleza nikiwa nimesimama katikati yao, na nilieleza vibaya. Nilianza na fomula. Ndunge aliacha kutafuna.

"Ngoja, msomi. Sema kama unayemwambia nyanya yako."

"Mkiendelea kuwasaidia wagonjwa," nilisema, "serikali zote mbili zitaamini hawahitaji msaada. Kesho zitaondoa mkono kwenye vitanda vingine vinne. Itabidi mviendeshe na hivyo."

Kavutha aliweka bakuli lake chini.

"Kwa hiyo tukisaidia tunaumiza."

"Ndivyo Mizani inavyoona."

"Na tukiacha?"

"Inachukua usiku mzima kuamini kwamba mmeacha."

"Usiku mzima! Kwani imeoa wapi, hiyo Mizani? Hata mkwe wangu ananiamini kabla ya chai." Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakucheka. Alinitazama kwa jicho la mama anayejaribu kuamua kama mtoto aliye mbele yake ni mjinga au amedanganywa. "Sikia, mwanangu. Sisi mwethya hatuingii shamba ambalo mwenyewe hayupo. Hiyo ndiyo sheria. Mwenye shamba ndiye anayeshika jembe la kwanza, ndiye anayetuonyesha mpaka, na zamu yangu ikifika naye anakuja kwangu. Hapa tuliingia kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Hatukuuliza shamba ni la nani. Ni la nani?"

"Vitanda ni vya Serikali Kuu. Umeme na wauguzi ni wa Kaunti."

"Na Syombua?"

Nilimweleza Kavutha njia ya tatu, ile ya kukataa, na bei yake. Hapo alisimama.

"Maji? Mabomba yote?"

"Ya Kaunti nzima."

"Wajukuu wangu wanakunywa maji hayo. Wanakula chakula hicho cha shule. Unataka nikawaambie nini, kwamba msichana wa chuo amekasirikia ukuta?"

"Sijasema nimeamua."

"Tutachota kwenye vibwawa vyetu vya mchanga," alisema Ndunge, ambaye sasa alikuwa amepanda baiskeli yake, akihema. "Tulichota kabla ya bomba."

"Chota," Kavutha alimjibu bila kugeuka. "Chota, na Mizani itasema Nzaluni inajimudu kwa maji pia. Mwisho tutaambiwa tujitengenezee na mvua."

Alisema kwa hasira, lakini baada ya kusema alikaa tena, kama mtu aliyesikia jambo kutoka kinywani mwa mwingine.

Nilirudi ndani nikakaa kando ya kitanda cha mama mdogo. Alikuwa amesikia, dirisha lilikuwa wazi, na wanawake wale hawajui kunong'ona.

"Zimeni changu," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Ninasema. Kitanda kimoja, usiku mmoja. Mashine yenu ione. Nimewalisha wapakiaji mchanga miaka yangu yote, na kila siku kulikuwa na mmoja asiyelipa, nikampa sahani hata hivyo. Mwenye mashimo alikuwa ananisifu sana. 'Mama Syombua ana moyo.' Unajua kwa nini alinisifu? Kwa sababu nikiwalisha mimi, yeye hakuwalisha." Alipumzika, mashine ikampa pumzi, akaendelea. "Moyo wangu ulimfaa yeye kuliko ulivyowafaa wao. Nimelijua hilo nikiwa hapa kitandani."

"Siwezi kukuzima ili kufundisha ukuta, mama mdogo."

"Basi utafanya nini?"

"Sijui."

"Angalau wewe unasema hujui," alisema, akafumba macho.

*

Siku iliyofuata walikuja wawakilishi wa serikali zote mbili, kila mmoja kwa gari lake, kwa sababu kufungwa kwa hesabu ya kituo kinachojimudu kulikuwa habari njema na kila serikali ilitaka kuwepo kwenye picha. Bi. Mbithe alitoka idara ya fedha ya Kaunti. Bwana Barmasai alitumwa na wizara. Hawakuwa watu wabaya. Bi. Mbithe aliwasalimu wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Bwana Barmasai alivua koti, akaenda moja kwa moja kibandani na kuwaambia wanawake kwamba nchi nzima ingejifunza kwao.

"Ijifunze nini, mheshimiwa?" aliuliza Kavutha.

"Kujitegemea, mama."

"Panda basi." Kavutha alipiga tandiko la baiskeli iliyokuwa wazi. "Zamu ya Ndunge imeisha."

Bwana Barmasai alitabasamu, akamtazama mpiga picha, akapanda. Alikanyaga kwa bidii huku wanawake wakimshangilia, na mpiga picha alipomaliza akataka kushuka.

"Filimbi haijalia," alisema Kavutha.

"Samahani?"

"Hushuki kabla ya filimbi. Kuna mtu upande wa pili wa huo waya."

Alikanyaga tena. Tabasamu lilimtoka polepole na jasho likachukua nafasi yake. Bi. Mbithe alijikohoza.

"Mama, tunaelewa. Lakini sisi kama Kaunti tulishasema kwamba umeme wa vitanda hivi ulipaswa kuja pamoja na vitanda. Serikali Kuu ndiyo iliyovinunua."

"Uendeshaji umegatuliwa," alisema Bwana Barmasai, akihema juu ya baiskeli. "Sheria iko wazi."

"Iko wazi kuhusu zahanati. Hiki si zahanati."

"Ni nini basi?"

"Hilo ndilo tumekuwa tukiwauliza wizarani."

Nilisimama mlangoni nikiwatazama, na nilihisi kama niliyerudishwa utotoni mwangu, kwenye mazishi yale. Magomvi hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yamekabidhiwa Mizani, na Mizani ikawa imempata mtu wa tatu wa kuyabeba, mtu asiyekuwa chumbani walipokuwa wakigawana. Lakini nilifikiria pia mgonjwa wa Lokwamor nisiyemjua jina, na buluu iliyokuwa juu ya kichwa chake asubuhi ile kwa sababu Ndunge alikuwa na mapaja mapya. Ningekuwa namwibia? Au ni nani aliyetupanga yeye na mama mdogo kwenye pande mbili za mzani mmoja, kana kwamba nchi nzima haina kingine cha kuweka humo? Sikuwa na uhakika. Ninakiri kwamba sikuwa na uhakika hata wakati nilipofungua kinywa.

"Msomaji," sauti ya Mizani ilitoka ukutani, mle ndani, wote tukaisikia. "Ni saa sita. Ninangoja neno lako."

Kavutha alipuliza filimbi. Bwana Barmasai alishuka akijifuta jasho, na Wayua, mmoja wa wanawake wale, mwenye umri wa kuwa mama yake, akapanda badala yake bila kusema kitu. Wote walinigeukia. Bi. Mbithe alinipa ishara ya kichwa ya kunitia moyo, kama mwalimu anayemtia moyo mtoto aliyesahau shairi.

"Bi. Mbithe, Bwana Barmasai," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, kwa hiyo nilianza upya. "Mama Kavutha, nanyi mama zangu. Baiskeli zisisimame. Hakuna kitanda kitakachozimwa, hata cha mama mdogo aliyekubali kizimwe. Mimi sitasema neno linalongojwa. Ninakataa hesabu hii."

"Binti," alisema Bi. Mbithe haraka, "unajua kinachotokea ukikataa?"

"Ninajua. Maji yatasimama Kaunti nzima, na watoto hawatapata chakula shuleni, na mgonjwa wa Lokwamor hataongezewa chochote kutoka hapa. Hayo yote ni mabaya, na ni mimi ninayeyafanya. Watu wakiuliza, msiwaambie ni Mizani, wala ni Kaunti, wala ni wizara. Waambieni ni Nzilani Munyao, mwanafunzi, anapatikana Kituo cha Pumzi. Wakija nitawaeleza mwenyewe. Sheria inasema nyinyi wawili mketi mnisikilize. Viti viko ndani, karibu na vitanda. Nitaanza kueleza mtakapokaa, na sitamwachia mtu mwingine nafasi yangu mpaka kazi ya wanawake hawa ipewe jina lake, na mwenye kuilipia ajulikane."